Lumbesa Aenda Rubondo

Duka langu la mchele liko karibu na stendi ya Chato, na mlangoni pana mzani wa magunia, ule wa bati la chuma chini na mkono wenye kijiwe cha kusukuma juu. Kwa miaka tisa nimepima juu yake mchele wa Kahama na wa Shinyanga. Mwenyewe sikuwahi kuupanda. Siku niliyoupanda ilikuwa jioni, mlango mmoja nimeshaufunga, kijana wangu wa dukani amekwenda kuchota maji. Nilivua viatu, nikasimama, nikasukuma kijiwe taratibu kama ninavyomsukumia mteja mgomvi asije akasema nimemwibia. Mkono ukatulia kwenye 97.

Muuza nafaka akiona namba hiyo anawaza kitu kimoja tu: gunia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lile linalojazwa kupita kiasi, likafungwa kwa kamba juu hadi likaota kichwa, ndilo tunaloliita lumbesa, na watu wa Wakala wa Vipimo wamelipiga vita tangu nianze biashara. Kwa hiyo zilibaki kilo tatu tu niwe kosa la jinai.

Kijana alirudi na ndoo akanikuta bado nimesimama pale.

"Mama, unapima nini?"

"Naupima mzani," nikamjibu. "Naangalia kama uko sawa."

Aliyenipandisha kwenye mzani ni mwenyekiti wa kikoba chetu. Tuko wanawake kumi na wanne, na mwaka ule faini za wachelewaji zilikuwa zimefika pesa ya kueleweka. Wengine walitaka tugawane. Mwenyekiti akasema hapana, Nanenane twende Rubondo. Tumezaliwa tunasikia jina la kisiwa kile, wageni wanatoka Ujerumani kuja kukitazama, na sisi tunachokijua ni kwamba mashua ya mvuvi ikisogea huko inakamatwa. Akaeleza kwamba kuna boti, kuna ndege, kuna tembo, halafu kuna kutembea msituni kuwafuata sokwe mtu, saa tatu au nne, inategemea wenyewe wameamkia wapi. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga. Kisha nikakaa kimya nikihesabu: saa nne, kwa miguu, mlima upo.

Sikuogopa sokwe, wala nyoka. Niliogopa kuwa yule anayesubiriwa. Msafara wowote una mtu huyo. Wenzake wanasimama mbele kwenye kivuli, mikono kiunoni, wanaongea mambo mengine ili wasionekane wanamsubiri, naye anafika anahema, na pale anapofika ndipo wao wanapoanza kuondoka. Yeye hapumziki kamwe. Nimewahi kuwa mtu huyo kwenye mazishi ya kijijini, tukipandisha kilima na jeneza liko mbele yetu, na namshukuru Mungu kwamba msibani kuhema kunafanana na kulia.

Tatizo ni kwamba sikuwa na wa kumwambia. Hapa kwetu unene si habari mbaya. Mama yangu hadi leo akinipokea ananishika mkono juu ya kiwiko, anaubonyeza kama anayenunua papai, anasema: "Umenawiri." Hiyo ndiyo salamu yake, na ina historia. Kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012, Chato ilikuwa sehemu ya Kagera, na Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina lake, watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivaliwa na wapendao mitindo wakati huo. Nilikuwa mtoto mdogo, na nilichokiona ni watu wazima wanakonda. Shati linabaki kubwa, shingo inakuwa nyembamba, halafu tunaitwa msibani. Kwa waliopita kwenye miaka ile, mtu aliyenona alikuwa na cheti mkononi. Utamwambiaje mama wa kizazi hicho kwamba unauonea haya mwili wako?

Zahanati tu ndiyo ilikuwa na maneno mengine. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakifungua, akatafuta kikubwa zaidi, akanipima, akaandika. "Mama, punguza wali." Nikamwuliza kama anajua ninauza nini.

Nikaanza kutembea alfajiri. Nilikuwa na wiki sita. Kutoka nyumbani hadi ufukweni na kurudi, kabla dagaa hawajaanikwa. Nilidhani kazi itakuwa ya miguu. Kumbe kazi ilikuwa ya kujieleza. Mji wetu haujazoea kumwona mwanamke wa makamo anatembea gizani bila mzigo kichwani. Siku ya kwanza bibi mmoja aliyekuwa akifagia uwanja alinijibu salamu, "mwangaluka", halafu akauliza ni nani amefariki. Siku ya pili kijana wa bodaboda, mteja wangu, akapunguza mwendo ubavuni mwangu. "Shikamoo mama. Panda nikusogeze." Nikamwambia nafanya mazoezi. Akafikiri nimekosa nauli. "Mama, sikudai. Panda tu." Nikaona aibu kumkatalia mtoto mwenye adabu namna ile, nikapanda. Mazoezi ya siku hiyo yakaishia hapo. Wiki nzima nilikuwa nikibadilisha njia kumkwepa.

Wiki ya nne nilipima tena: 95. Kilo mbili, na mji ukaziona kabla yangu. Jirani yangu muuza samaki alikuja jioni na sato wawili wabichi kwenye beseni. Akakaa, akasifu mapazia, akakohoa. Kisha akashusha sauti. "Shoga, umeshapima?" Nikamwambia nimepima, ni 95. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona machoni mwa mtu mzima, mpaka nikagundua hatuongelei mzani.

Suruali ilikuwa kesi nyingine. Tuliambiwa tusivae bluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwaita mbung'o, na kisiwani wapo. Nenda mnadani kwenye mitumba ukatafute suruali ya kike ya ukubwa wangu: zote ni bluu au nyeusi. Wazungu wanene nao, inaonekana, wanapenda kujificha. Ikabidi niende kwa fundi cherehani na kitambaa cha kaki. Alizungusha futi kiunoni mara moja, hakuamini, akazungusha tena, akamtajia msaidizi wake namba kwa sauti ya mnadishaji wa ng'ombe. Barabara nzima ikaijua.

Siku ya Nanenane tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na Coaster ya kukodi, Chato hadi Muganza, kisha tukashuka hadi mwaloni Kasenda. Kila mtu na kifurushi chake. Mimi nilibeba matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa, kwa sababu havioti ukungu na ukivitafuna polepole vinakudanganya kwamba umekula. Nilibeba pia kikopo cha mafuta ya mgando. Wanawake wenye mapaja kama yangu wanajua ni ya nini, na wasiokuwa nayo hawahitaji kuelezwa.

Kwenye boti tuligawiwa majaketi ya kuokolea. Langu halikufunga. Nilivuta mkanda wa kwanza ukafika, wa pili ukabakiza shubiri nzima. Nikavuta pumzi ndani, nikavuta mkanda. Shubiri ile ile. Sisi wa ziwa hili hatuna mzaha na jaketi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, MV Nyerere ikazama Septemba 20, 2018 pale Ukara, inakaribia gati, watu zaidi ya mia mbili wakafa wakiitazama nchi kavu. Nikamwuliza nahodha kama kuna kubwa zaidi. Akanitazama, akatazama wenzangu waliokwisha kukaa, akasema hakuna. Nadhani hakutafuta. Jirani yangu wa sato akafungua khanga kiunoni mwake, akachana upindo, akaunganisha mkanda na mkanda kifuani mwangu kwa fundo la kufungia nyavu. Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyetamani wacheke, ili jambo liishe.

Nusu saa hivi, tukawa Rubondo. Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, kilomita za mraba 457 ukihesabu na maji yake. Zamani kulikuwa na wavuvi na wakulima wakiishi humo, wakahamishwa miaka ya sitini. Mama mmoja katika kikoba chetu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alishuka botini akasimama mchangani akiutazama msitu. Bibi yake alizaliwa kisiwani. Alichuma jani, akalinusa, akaliweka kwenye pochi.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye bunduki begani. Alitutoa hofu kwanza: simba hakuna, chui hakuna. Nikafarijika, kwa kuwa mambo ya kukimbia yalikuwa yamefutwa. Tembo wapo, waliletwa. Sokwe nao waliletwa. Kati ya 1966 na 1969 shirika la uhifadhi la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilileta kwa meli sokwe wasiofika ishirini. Walizaliwa misitu ya Afrika Magharibi, wakatekwa wadogo, wakaishi Ulaya kwenye bustani za wanyama na sarakasi, kisha wakafunguliwa hapa. Tutakaowaona, akasema, ni watoto, wajukuu na vitukuu vyao.

Halafu akauliza swali nililolikimbia kwa wiki sita.

"Nani ana mwendo mdogo?"

Kimya. Kila mtu akatazama raba zake. Nilikuwa mkubwa kuliko wote na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo ukimya ule ulikuwa wa adabu, walikuwa wananistahi. Nikanyoosha mkono.

"Vizuri. Mama, wewe utakuja nyuma yangu moja kwa moja. Sisi wote tutakwenda mwendo wako."

Nikageuka, nikaona mikono mingine miwili juu. Mmoja wa mwenyekiti, aliyewahi kuvunjika goti kwenye bodaboda, na mwingine wa jirani yangu wa sato, mwembamba kama unyasi. Ana pumu. Miaka kumi na moja ni jirani yangu, sikujua.

Msitu wa Rubondo hauna upepo. Mizizi inakatiza njia kama kamba za mashua, na kila baada ya hatua chache kuna mzabibu wa mwitu wa kuinamia. Kuinama ndiko kulikoniumiza, si kutembea. Mlimani nilisimama mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu, na kila niliposimama msafara mzima ulisimama, na kwa kuwa wote walisimama hakuna aliyesubiri. Mwongozaji alitumia visimamo vyangu kuonyesha mambo: kinyesi cha tembo, kipepeo, na juu mtini vitanda vya sokwe, matawi yaliyopindwa yakalaliwa. Hulala kila usiku kwenye kitanda kipya. Mwenyekiti akasema angalau kuna ambao hawafui mashuka.

Kelele tulizisikia kabla ya kuona chochote. Zinaanza chini chini, hu, hu, hu, zinapanda, zinapasuka kuwa mayowe, halafu msitu unanyamaza wote. Tukavaa barakoa, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua. Jaribu kupanda mlima na kilo 95 halafu uhemee kitambaani. Miwani yangu ikajaa ukungu. Nikaivua, nikaifuta kwa ncha ya khanga iliyobaki, na nilipoivaa tena alikuwa pale, kwenye tawi la mkuyu, mita kama kumi na tano.

Dume zima. Amekaa ameegemea shina, mguu mmoja unaning'inia, anakula tunda moja moja bila haraka. Midomo inafanya kazi, macho yako mbali. Na juu ya mapaja yaliyokunjwa, limemlalia tumbo la duara, lenye manyoya machache, limepumzika kama mzigo ulioshushwa.

"Ana kitambi," jirani yangu akanong'ona.

Tulikatazwa kucheka kwa sauti. Wanawake kumi na wanne walitikisika kimyakimya ndani ya barakoa mpaka machozi yakatoka, nami nikiwa wa kwanza. Kisha yule mwenye kitambi akashika tawi la juu kwa mkono mmoja, akajivuta kama anayevuta pazia, akaenda zake.

Nilimfikiria babu yake aliyetoka kwenye saruji na nondo, amekalia makalio miaka na miaka, sanduku linafunguliwa mbele ya msitu mzima. Na hakuna aliyemwuliza ana mwendo gani.

Tulitembea saa tatu na nusu. Usiku ule mapaja yaliwaka moto, pamoja na mafuta ya mgando. Kesho yake asubuhi nilipanda mzani, kijana akiwa amesimama pale pale, safari hii sikumdanganya. Ilikuwa 95. Kaki ya fundi imepauka magotini na bado naivaa alfajiri nikitembea. Yule wa bodaboda sasa ananipigia honi tu na kupita.

Lakini nilitaka kusema juu ya jaketi. Wakati wa kurudi, nahodha aliinua ubao wa kiti chake kutafuta kamba, na chini yake kulikuwa na majaketi makubwa mawili, yamekunjwa vizuri, mapya, ya rangi ya chungwa. Alikuwa na haraka asubuhi, akaomba radhi, nikalivaa moja likafunga bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo, mama au baba mwenye mwili kama wangu, ukipanda boti ziwani na ukaambiwa hakuna kubwa, usione haya mbele ya watu. Mwambie ainue kiti.