Taa za Krismasi Lodwar na Picha Ninayodaiwa na Nyanya

Krismasi hii sikwenda Mombasa wala sikubaki Eldoret. Nilipanda basi Kitale nikateremka Kanamkemer na begi moja, simu mbili na deni. Deni lenyewe si la pesa. Tulia, nitawaambia.

Krismasi iliangukia Alhamisi, na Ijumaa nayo ni sikukuu, kwa hivyo tukapata siku nne mfululizo. Shangazi alifika na watoto watatu kutoka Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120. Baba akachinja mbuzi. Nyanya yangu, Ata tunavyomwita sisi Waturkana, alikuwa ameketi kivulini akaniangalia nikishuka bodaboda. Akanisalimia vizuri tu. Lakini mnajua ile salamu ambayo ndani yake kuna kesi.

Kesi ni hii. 2022, wakati wa ule ukame wa mvua kukosa msimu baada ya msimu, nilikuja likizo nikampiga Ata picha akiwa kando ya jerikeni tupu, ameshika shavu. Sikumuuliza. Nikaandika maneno mawili matatu ya huzuni, nikaposti. Hakuna kitu nimewahi kutoa kikaonwa na watu wengi vile. Watu walilia kwenye maoni.

Sasa ukweli. Ukame ulikuwepo, na sisi wenyewe tulizika mbuzi kumi na mmoja. Lakini jerikeni ile ilikuwa tupu kwa sababu ndiyo kwanza ilikuwa inangoja zamu yake. Zingine tatu zilikuwa njiani na binamu yangu. Na Ata alikuwa ameshika shavu kwa sababu jino lilikuwa linamuuma. Nilijua haya yote nilipobonyeza kile kitufe. Mwaka jana kijana wa jirani akamwonyesha hiyo picha kwa simu. Nasikia aliitazama kwa muda mrefu, halafu akarudisha simu bila kusema neno.

Ijumaa jioni jua lilipopoa nikawachukua watoto tukavuka daraja tukapande kile kilima chenye sanamu kubwa ya Yesu amenyosha mikono. Ukifika juu unauona mji wote: mabati yanang'aa, mto Turkwel umezungukwa na mikoma, na ng'ambo ile ni Kanamkemer yetu. Mtoto wa shangazi akauliza kama ni kweli Kenyatta aliishi hapa. Nikamwambia aliishi, lakini si kwa kupenda. Wakoloni walimtoa gereza la Lokitaung 1959 wakamweka Lodwar mpaka 1961, na nyumba aliyokaa bado ipo. Walichagua huku kwa sababu waliona ni mbali sana, mtu akiletwa huku atasahaulika. Nilipokuwa namweleza nikajisikia vibaya kidogo. Hata mimi nilikuwa nimewaonyesha watu Lodwar kama mahali pa mwisho wa dunia.

Jumamosi Ata mwenyewe akasema anataka kwenda mjini usiku kuona taa. Akavaa shanga zake zote, shingo ikajaa mpaka kidevuni. Tukakodisha bodaboda tatu.

Wacha niwe mkweli: taa za Lodwar si za kukufanya uanguke. Kuna duka limezungushia mlango waya wa taa ndogo, nusu zimeungua. Kuna hoteli imeweka mti wa plastiki, na pamba juu yake eti theluji, kwenye joto ambalo hata usiku unatoa jasho. Kinyozi mmoja ana ile balbu inayozunguka na kurusha rangi ukutani, na spika inayotikisa barabara. Lakini mji mzima ulikuwa nje! Akina mama na vikapu vyao vya makuti ya mkoma, vijana na viatu vipya, watoto wamepakwa mafuta mpaka magoti. Watoto wetu walisimama mbele ya kinyozi nusu saa wakijaribu kukanyaga ile nyekundu kabla haijahama.

Ata akaangalia, akauliza, "Hizi taa zinakula umeme wa nani?"

Swali zuri. Mto huu wetu unaanzia Mlima Elgon, na kabla haujatufikia unapita kwenye bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya megawati 106. Umeme wake umekuwa ukiingia gridi ya taifa tangu 1991. Na sisi tulio chini ya mto huohuo? Kwa miaka mingi Lodwar imewashiwa taa na jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe inaletwa kwa lori. Nilipomweleza, Ata akacheka. "Kwa hivyo maji yetu yanawasha taa za watu, halafu watu wanakuja kutupiga picha gizani."

Nikanyamaza. Nilijua hiyo imetumwa kwangu.

Akasogea mpaka kwenye ule mlango wenye taa, akajipanga, akanyosha shingo. "Nipige hapa. Siku ile ulinipiga nikiwa na jino. Leo jino limetoka." Akatabasamu, pengo likaonekana. Nikapiga. Akaitisha simu, akaikagua, akasema mkono wangu unatetemeka, nirudie. Nikarudia mara nne.

Hiyo picha niliiposti Jumapili, kwa ruhusa yake. Watazamaji hawajafika hata sehemu ya kumi ya wale wa jerikeni. Mtu mmoja aliandika, "Hapa ni Turkana kweli?" Simlaumu. Tumemzoesha, na mimi ni mmoja wa waliomzoesha. Njaa ikija lazima isemwe, tena kwa sauti. Lakini mtu mwenye njaa leo ni yuleyule aliyevaa shanga jana, na ukimwonyesha upande mmoja tu miaka yote, siku akicheka watu watadhani ni mahali pengine.

Kabla sijapanda basi nikamwambia Ata nitaifuta ile picha ya zamani. Akakataa. "Usifute. Andika kwamba ni jino."

Kwa hivyo nimeandika. Ukienda kwenye ile posti ya 2022 utaona maneno mapya hapo juu: huyu ni nyanya yangu, siku hiyo alikuwa anaumwa na jino, na sikumuuliza kama nimpige.

Wewe unayesoma hii na simu iko mkononi: nyanya yako ulimuuliza?