Chupa ya Kahawia katika Sanduku la Msikiti

Mtoto wa madrasa yetu alianguka ngazini akachubuka goti. Sisi wa kamati, kwa nia njema, tulifungua sanduku la huduma ya kwanza, tukatoa chupa ya iodini iliyoyeyushwa katika spiriti, tukaimimina kidondani bila kipimo, kisha tukakaza bandeji juu yake. Kesho yake ngozi iliyozunguka kidonda ilikuwa imeungua na kutoa malengelenge. Mama yake, ambaye ni muuguzi, alitujia baada ya Magharibi.

“Ustadhi katibu,” alisema, “dawa haina kosa. Mmeizidisha, kisha mkaifungia.”

Tulimwomba radhi, naye akatupokea kwa upole tusioustahili. Tukaenda kusoma.

Iodini ndiyo ile tuijuayo kwa jina la madini joto katika chumvi. Bernard Courtois aliigundua Ufaransa mwaka 1811, katika majivu ya mwani. Hupenya ukuta wa kijidudu na kuharibu protini zake, na kwa kuwa hushambulia mahali pengi kwa pamoja, kijidudu hupata taabu kujenga usugu. Lakini ikiwa huru na kali haichagui. Nyama ya mgonjwa nayo huungua.

Ndiyo maana wataalamu huifunga ili iachiliwe kidogo kidogo. Katika povidoni-iodini hushikwa na molekuli ndefu inayoyeyuka majini, bila haja ya spiriti, jambo lililowaridhisha wazee wetu waliokuwa wakisitasita. La ajabu ni kwamba povidoni-iodini ya asilimia 10 ina iodini huru kidogo kuliko iliyozimuliwa hadi asilimia 0.1. Nasi tulidhani kukolea ndiyo nguvu!

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ajman, katika Falme za Kiarabu, wametumia metali: ioni ya sodiamu iliyobanwa na pete mbili za molekuli, ikiambatana na mnyororo wa atomi tano za iodini. Wameijaribu maabarani dhidi ya bakteria na fangasi, hata juu ya nyuzi za kushonea majeraha. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya sanduku letu.

Sisi tumenunua povidoni-iodini. Mweka hazina alinung'unikia bei, akakumbushwa lile goti, akatia sahihi. Mtoto amerejea darasani, ila kila apitapo mlango wa ofisi hulifunika goti kwa kanzu.