Wageni wa Barafu, Wageni wa Maziwa

Naro Moru ya utotoni mwangu ilikuwa stesheni ya reli, safu ya maduka ya mabati, kanisa, kinu cha posho, na wageni. Wageni wote walikuwa Wazungu, na karibu wote walikuwa na kamba. Walishuka stejini na mashanta yaliyowapita vichwa, shoka la barafu likiwa limefungwa nyuma, nasi watoto tukawafuata hadi pale mapota, wabeba mizigo, walipokaa wakingoja kuitwa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akitokea katika shamba dogo ambalo familia yetu ililipata baada ya uhuru huku Kieni, ambako mahindi hukubali mwaka mmoja na kukataa miwili. Mlima Kenya ndio uliotulisha. Karo yangu ya shule ilibebwa mgongoni.

Njia ya baba naijua kama nijuavyo kijia cha kwenda kisimani. Kutoka mjini unapanda hadi lango la hifadhi, unapita msituni mpaka kituo cha hali ya hewa kilichoko mita 3050, halafu unaanza mteremko wa tope na mafungu ya nyasi ambako mguu huzama hadi gotini na mzigo hukuvuta nyuma. Ukitoka hapo umeingia Bonde la Teleki, na mwisho wa bonde ni kambi ya Mackinder, mita 4200. Baba alikuwa akifika kambini kabla ya wageni, anawasha jiko, anawangoja. Alfajiri ya pili wao waliendelea na kamba zao, yeye akabaki akiwatazama kutoka chini mpaka wakawa vidoa juu ya weupe. Akirudi nyumbani tulimwuliza habari za barafu kabla ya habari nyingine yoyote. Alitwambia kwamba usiku hulia. Akisema hivyo mama alikuwa anaguna, anaendelea kufuma: alisokota sufu ya kondoo wetu, akafuma kofia na soksi za kuwauzia hao hao waliokuwa wakienda kulala kwenye baridi.

Wageni hao walikuwa na historia yao. Halford Mackinder alifika juu ya kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Milima ya Alps, na wakati ule mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Eric Shipton na Wyn Harris walipanda kilele cha Nelion mwaka 1929. Mwaka 1943 mfungwa wa vita Mwitaliano, Felice Benuzzi, alitoroka na wenzake wawili kutoka kambi ya Nanyuki, si kwa ajili ya kukimbilia popote, bali kuupanda mlima ambao alikuwa akiutazama kila siku kupitia seng'enge. Yeye na mwenzake mmoja walifika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Nimekisoma kitabu chake zaidi ya mara moja na ninamwelewa vizuri. Mtu aliyekulia chini ya mlima huu hahitaji kuelezwa kwa nini mtu angefanya jambo kama hilo.

Habari ambayo wazee wa mapota waliisimulia zaidi, hata hivyo, ni ya Septemba 1970. Gerd Judmaier, kijana kutoka Austria, alianguka karibu na kilele cha Batian na mguu ukavunjika vibaya, mfupa nje. Mwenzake, Oswald Oelz, alikuwa daktari. Siku zilipita huku waokoaji wakipanda na kushindwa kumshusha. Rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka akijaribu kusaidia. Mwishowe waokoaji waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, wakamshusha Judmaier akiwa hai. Kutokana na tukio hilo kikosi cha uokoaji cha mlima kilipata nguvu, na kibanda kipya kikajengwa kwenye mita 4790, juu kabisa, kwa msaada wa Waaustria. Kinaitwa Austrian Hut hadi leo, na mbao na mabati yake yalipanda huko juu kwa jasho. Baba hakuchoka kutukumbusha hilo. Na kuna jina moja alilokuwa akilitaja kwa fahari: Thumbi Mathenge, ambaye mwaka 1973, pamoja na Phil Snyder aliyekuwa mkuu wa hifadhi, alikuwa wa kwanza kupanda Diamond Couloir, ule mfereji wa barafu iliyosimama wima kati ya Batian na Nelion. Mtu wetu, kwa shoka na kamba, mahali ambapo hakuna Mzungu aliyekuwa amepita kabla yake ila yule aliyekuwa naye.

Lakini Mathenge alikuwa mmoja, kama vile Kisoi Munyao alivyokuwa mmoja usiku ule wa Desemba 1963 alipopandisha bendera ya Kenya juu ya Lenana. Sisi wengine tuliutazama mlima kwa mbali. Shuleni tulichora umbo lake, tukakariri mita 5199, na hakuna mwalimu aliyewahi kusema twende. Bibi yangu aliomba akiuelekea kila asubuhi, na kwake wazo la mtu kupanda huko kwa kujifurahisha lilikuwa gumu kumeza.

Nyeri mjini kulikuwa na wageni wa namna nyingine kabisa. Hao walikuja kukaa, wala si kupanda. Walilala katika hoteli ya Outspan, wakazuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941, kisha jioni wakapelekwa hoteli ya Treetops kutazama ndovu wakinywa maji, pale ambapo Elizabeth alilala binti wa mfalme Februari 1952 na kuamka malkia. Kwa wageni wa Nyeri mlima ulikuwa picha ya dirishani. Ninawataja kwa sababu kwa miaka mingi hao na wale wa kamba ndio waliokuwa utalii wetu wote, na katika makundi yote mawili Mwafrika alikuwa mwenye kubeba, kupika au kufungua mlango.

Nilipomaliza sekondari nilianza kubeba mizigo pamoja na baba, na miaka ya 1990 ndiyo niliyopata kuijua barafu kwa mikono yangu. Ukitoka Austrian Hut ulitembea kidogo tu ukawa juu ya Lewis, mto wa barafu mkubwa kuliko yote. Ulikuwa mpana, wenye nyufa za buluu ambazo tuliziruka huku tumeshikana. Karibu na hapo kuna kidimbwi kinachoitwa Curling Pond, kwa sababu Wazungu wa zamani walicheza mchezo wa kutelezesha mawe juu ya maji yake yaliyoganda. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliona ni kawaida tu: maji ya huko huganda, watu hucheza.

Siwezi kusema ni mwaka gani nilijua kwamba Lewis inakwisha. Mtu akikonda mbele yako kila siku humwoni akikonda. Tuliona tu kwamba njia ya kushuka kwenye barafu imekuwa ndefu, kisha ikawa ya mawe na kifusi cha kijivu, kisha chini ya ukingo wa barafu pakatokea ziwa dogo la maji machafu ya rangi ya majivu, na ziwa likakua kadiri barafu ilivyorudi nyuma. Gregory, jirani yake, ilikuwa imetoweka kabisa kufikia 2011. Lewis yenyewe ilipasuka vipande viwili. Diamond Couloir ya Mathenge imebaki mwamba unaovuja kwa sehemu kubwa, na wapandaji waliokuwa wakivuka bahari kuja kuupanda waliacha kuja. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba barafu yote ya Afrika huenda ikaisha kufikia miaka ya 2040, na ya mlima wetu muongo mzima kabla ya hapo. Baba alikuwa bado hai. Nilimsomea habari hiyo gazetini. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kama kibanda cha Waaustria bado kiko imara.

Wageni wa kamba walipungua mjini kwetu. Mashoka ya barafu yaliyokuwa yakikodishwa yakapata kutu. Katika miaka hiyo niliamini kwamba mlima umetutupa, na vijana wengi wa Naro Moru waliondoka kwenda kwenye mashamba ya maua ya Nanyuki na Timau.

Kisha wakaja Wakenya.

Hawakuja kwa mara moja. Kwanza walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wachache, wakiwa na viatu vya mitumba na blanketi za nyumbani. Halafu makundi ya maofisini. Halafu, hasa baada ya ile miezi ya 2020 ambapo watu walifungiwa Nairobi na kukosa pumzi, wakamiminika: mabasi madogo ya Ijumaa usiku, wasichana wa Kayole na Rongai, wahasibu, wauguzi, mama na binti yake, wengi wao hawajawahi kulala hemani. Hawakuuliza barafu. Waliuliza maziwa. Walikuwa wameona picha za Ziwa Ellis kwenye simu zao, maji yaliyotulia na mahema ya rangi rangi kandokando, na walitaka kusimama hapo hapo.

Ellis liko upande wa mashariki, mita kama 3450, juu ya Chogoria. Hilo ndilo lililobadilisha ramani ya kazi yetu. Naro Moru ni njia ya mtu mwenye haraka ya kufika juu. Maziwa ya kupendeza yako upande wa pili, na mtu wa Nairobi anayeyafuata hupita Embu na Chuka bila kuiona Naro Moru. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Kieni, nikawa nikipanda matatu ya kuzunguka mlima kupitia Nanyuki, Timau na Meru, ili kuwapokea wageni katika mji wa watu wengine. Chogoria nilikuwa nimeijua kwa hospitali yake ya kanisa tu, iliyoanza mwaka 1922. Sasa kila Jumamosi kabla ya kupambazuka, Landrover kuukuu zimepangwa kando ya barabara, madereva wanafunga mizigo kwa kamba za mpira, akina mama wanauza chapati na chai ya maziwa kwa watu wanaotetemeka kabla hata ya kufika kwenye baridi yenyewe. Ni karibu kilomita 30 kupita mianzi hadi langoni, na mvua ikinyesha gari linasukumwa na waliolipa nauli.

Lazima nikiri furaha yangu. Mara ya kwanza kuongoza kundi zima la Wakenya, nikiongea Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku, nilihisi kitu kimefunguka kifuani. Hapakuwa na haja ya kutafsiri lobelia wala hadithi za bibi. Waliimba njiani. Walinigawia githeri yao. Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu kutoka Kirinyaga, ambaye alipoona vilele kutoka Ellis alivua kofia, akaomba kwa sauti ndogo, wenzake wakasimama wakamngoja. Katika wageni wote wa baba sikuwahi kusikia aliyefanya hivyo. Na nimeona wasichana wakibeba mizigo kama mapota, kazi ambayo zamani msichana asingethubutu hata kuiuliza.

Lakini nimeona pia ukingo wa Ellis Jumatatu asubuhi. Karatasi za chooni chini ya mawe, chupa zilizopenyezwa licha ya plastiki za kutupwa kupigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, na majivu ya mioto iliyowashwa juu ya nyasi kavu. Sisi tulioona moto wa Machi 2012 ukila nyika za juu kwa siku nyingi hatuwezi kuyapita majivu hayo bila kuyakanyaga na kuyamwagia maji. Mahema yapigwe mbali na maji, mioto isiwashwe, na kila kundi lishuke na uchafu wake. Ninalisema hilo langoni, kambini na njiani, mpaka wageni wengine wananiona mkali. Acha wanione hivyo.

Wenye nguvu huwa nawapeleka mbele zaidi, hadi ukingo wa genge unaoitwa Temple. Unasimama juu ya ukuta wa mwamba wa karibu mita 300, na chini yako kabisa ni Ziwa Michaelson, jeusi, katika Bonde la Gorges. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba bonde lote hilo lilichongwa na barafu, mto mkubwa wa barafu ulioshuka hapo maelfu ya miaka iliyopita, na ziwa ni shimo ulilolichimba. Wengi hushangaa. Walikuja kwa ajili ya ziwa bila kujua nani aliyelitengeneza.

Msimu uliopita nilikuwa hapo na wanafunzi wa chuo, na mmoja wao, mzaliwa wa Kieni kama mimi, akaniuliza kama barafu ikiisha mto wetu utakufa. Swali la haki. Mto Naro Moru siku za kiangazi hukauka kabla ya kufika Ewaso Nyiro, na watu wa chini hugombania maji na wa juu. Nikamwambia kwamba barafu ilichangia kidogo tu. Maji ya mto wetu ni mvua inayoshikwa na msitu na yale matope ya juu ya msitu, yale yale yaliyokuwa yakimeza miguu ya baba, kisha yanaachiliwa polepole. Kinachoukausha ni mabomba ya kunyunyizia mashamba huko juu, na misitu iliyokatwa. Alitaka kujua ni mabomba ya nani, yamepewa kibali na nani, na chama cha watumiaji maji hukutana lini. Nilimpa majibu niliyokuwa nayo, akayaandika kwenye simu yake, na tukaendelea kubishana juu ya zamu za maji hadi tulipofika langoni.