Kibao cha Farm 17

Ukiiacha barabara kuu ya Masasi pale Nanganga na kushika njia ya Ruangwa na Nachingwea, utakutana na vibao vingi. Kipo cha zahanati, kipo cha shule, kipo cha mradi wa maji pamoja na jina la aliyeufadhili. Cha kukueleza nini kilitokea mahali unapopita, hicho ni adimu. Nami ni mtu wa vibao. Nikiwa ndani ya basi husoma hata tangazo la fundi baiskeli.

Ruangwa imekuwa wilaya mwaka 1995, ilipokatwa kutoka Nachingwea, lakini habari zake ni kongwe kuliko wilaya. Wamwera wa upande huu waliingia katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya chini ya waliokufa kusini yote ni 75,000. Wapo wanahistoria wanaofika 300,000. Njaa haiachi boma wala mzinga wa kuwekea uzio. Labda ndiyo maana hakuna anayejua pa kuchimbia nguzo.

Nachingwea ina kitu kingine: jina lenyewe ni kibao. Mgeni akisikia Farm 17 huuliza, je, hizo kumi na sita ziko wapi? Namba hiyo ni masalio ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na hapa. Walitaka kulima zaidi ya eka milioni 3 ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka 1951 waliufuta, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Karanga hazikutosha hata kuwaondolea aibu. Kwa ajili yake ilijengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni ilisimamishwa na vyuma viking'olewa.

Nilimwuliza mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, reli ilipita wapi.

"Unaikanyaga, mwanangu," alisema, bila hata kuinua macho kwenye korosho zake.

Nilitazama chini. Lilikuwa tuta la kawaida, lenye njia ya mbuzi.

Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO walipewa kambi Nachingwea, na Farm 17 ikapata maana ya pili. Hapo vijana wa Msumbiji walifundishwa vita, Samora Machel akiwa mkuu wao, na wakufunzi wengine walitoka China. Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma, akaipitia nchi yake hadi Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, na tarehe 25 Juni bendera ikapandishwa. Wazee wa Nachingwea wana haki ya kujivunia jambo hili. Waliwapokea wageni wenye silaha huku wao wenyewe hawana kitu.

Ila mwaka huohuo, katika kambi hiyohiyo, waliletwa watu waliokuwa wamefarakana na FRELIMO. Uria Simango, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa chama hicho, alisomeshwa maungamo marefu hadharani. Joana Simeão alikuwa miongoni mwao. Baadaye waliuawa huko Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Habari hii haisimuliwi sana kwenye sherehe za ukombozi.

Jimbo la Virginia, Marekani, lilianza kuweka vibao vya historia barabarani mwaka 1927, na kazi ya kuandika upya vile vya zamani haijaisha, kwa sababu viliandikwa na upande mmoja. Sisi tuna bahati ya kuchelewa. Serikali imekwisha kuanzisha programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika, na siku moja nguzo itasimamishwa Nachingwea. Atakayeandika maneno yake atakuwa na vijana mbele yake, kwani Farm 17 sasa kuna shule ya sekondari. Watasoma kila asubuhi kile tulichokubali kuwaambia.

Nimejaribu kuandika langu: "Hili lilikuwa shamba la karanga la Waingereza. Katika kambi ya Nachingwea walifundishwa wapiganaji walioikomboa Msumbiji. Mwaka 1975, katika kambi hiyo, wapinzani wao walilazimishwa kuungama, kisha wakauawa bila hukumu ya mahakama."

Nilimpelekea fundi wa vibao. Alihesabu herufi kwa ncha ya penseli, akaniambia kwa maneno yote hayo nguzo mbili hazitatosha.