Subira ya Jiwe Kavu

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Kijana mmoja wa Korbesa, Kaunti ya Isiolo, aliusikia usemi huo darasani mara nyingi, lakini aliyemfunza maana yake ni jiwe.

Mwaka wa 2022, akitoka masomoni Pwani, alirejea nyumbani na gunia la mawe ya matumbawe. Hayakung'olewa baharini, yalitoka katika machimbo ya nchi kavu, mahali palipokuwa mwamba wa bahari yapata miaka 125,000 iliyopita. Alikusudia kutengeneza tangi la kioo la maji ya chumvi, ili watoto wa Korbesa wasioijua bahari wapate kuwaona samaki wake.

Mawe ya namna hiyo hayatiwi tangini vivi hivi. Husuguliwa kwa brashi, kisha hulowekwa siku kadhaa katika maji yasiyo na chumvi, yakibadilishwa hadi vumbi liishe. Aliposhika mtungi wa kwanza, mama yake alimzuia.

"Mwanangu, mbuzi wanakufa kwa kiu, nawe unaosha mawe?"

Hakuwa na jibu. Misimu ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Alilirudisha gunia ukutani. Hapo ndipo alipotambua fadhila ya jiwe kavu: jiwe lililotolewa baharini pamoja na viumbe wake lingalioza kwa siku chache, ilhali hili liliweza kungoja.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zilipojaza mapipa, mama mwenyewe alisema, "Sasa yaoshe." Maji ya kusuuzia yalimwagiwa miche. Kisha kijana alikoroga chumvi ya bahari, gramu 35 kwa kila lita, akayazamisha mawe gizani ili mwani usiote, huku pampu ndogo ya sola ikiyazungusha maji. Alitia kipande cha kamba kioze na kutoa amonia. Bakteria wasioonekana hufanya makao katika vitundu vya jiwe, wakaigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Joto la Korbesa lilipoyapunguza maji, aliongeza maji matupu, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Kila jioni watoto walikuja, wakaona mawe tu. Walipouliza samaki wako wapi, mama ndiye aliyewajibu:

"Boma hujengwa kabla ng'ombe hawajaletwa."