Sotoka na Nyumbu

Ewe msomaji, umwonapo mnyama wa porini karibu na malisho, usifanye haraka kumshtaki kwamba ndiye aletaye maradhi. Mimi nionapo watu wakimshtaki hivyo, hukumbuka habari za sotoka. Ugonjwa huo ulienea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, na Wamaasai wengi wakafa kwa njaa. Hata baadaye ndama wa nyumbu waliendelea kufa, na watu wakasadiki kuwa wanyama wa porini ndio chimbuko.

Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa. Na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora zaidi. Nyumbu hawakuchanjwa. Walakini ng'ombe walipokingwa, nyumbu nao walipona. Na idadi yao, iliyokuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961, ikapita 1,000,000 kabla ya 1980. Kumbe maradhi yalitoka zizini! Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Nyani haoni kundule. Tukipenda wanyama wa porini wawe wazima, na tuanze kwa kutunza mazizi yetu.