Feni ya Ami na Waya wa Fundi

Najua wapo watakaocheka wakisikia kwamba nimeshika kalamu niandike juu ya hita ya gari. Hita na Timbwani, wapi na wapi? Sisi watu wa Likoni joto tunalo la kutosha, hata la kuwagawia watu wa Limuru. Lakini ngojeni kidogo. Feni inayompulizia mtu wa bara hewa ya moto ndiyo hiyo hiyo inayotupulizia sisi hewa baridi kwenye foleni ya feri, na ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele wakati wa masika. Feni ni moja, kazi zake ni nyingi.

Ami yangu ni dereva wa teksi. Gari lake ni kuukuu, limenizidi umri, lakini ndilo linalotulisha na kutulipia karo. Aprili 2024, tulipokuwa likizo na mvua ikinyesha kwelikweli, feni ya gari hilo iliharibika. Swichi yake ina namba nne. Ukiweka moja, mbili au tatu, kimya. Ukiweka nne, feni yavuma kama ndege inayotaka kuruka. Abiria wakawa hawasikilizani.

Tukaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Akainama chini ya dashibodi upande wa abiria, akafungua skrubu mbili, akachomoa kidude chenye koili za waya. "Mzee, rezista hini. Fyuzi yake imekufa. Nipe mia mbili niunge waya hapa, uende zako ukatafute riziki."

Ami akatia mkono mfukoni. Mimi nikaona nisiponena sasa sitanena tena. Nikasema, "Ami, niwie radhi. Na hiyo fyuzi imeuawa na nini?"

Fundi akacheka. "Ebo! Mtoto wa kike na mambo ya gari?" Ami hakucheka. Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akaniambia, "Haya mwanangu, eleza."

Nikaeleza nilivyofunzwa. Mwaka 1827, Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni kwamba ukinzani ukiongezeka, mkondo wa umeme hupungua. Rezista ya feni hufanya kazi hiyo. Katika gari la ami, namba moja hupitisha umeme kwenye koili zote tatu, ndiyo maana feni huenda polepole. Namba mbili hupitia koili mbili, namba tatu koili moja. Namba nne haipiti kwenye rezista kabisa, umeme huenda moja kwa moja. Kwa hivyo, feni ikifanya kazi kwenye namba nne peke yake, mara nyingi mgonjwa ni rezista, si feni.

Sasa, umeme uliozuiwa hugeuka joto. Ampea 5 zikipita kwenye ukinzani wa ohm 1, joto ni wati 25. Zikiwa ampea 10, joto si wati 50, ni wati 100! Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo maana rezista huwekwa kwenye njia ya upepo wa feni ili ipozwe, na ikapewa fyuzi inayokatika joto likipita kiasi. Ukiweka waya mahali pa fyuzi, umemfukuza mlinzi na mwizi umemwacha ndani. Feni ikikwama siku moja, koili zitawaka hadi plastiki iyeyuke, na ndani mna abiria.

Fundi akanyamaza, kisha akasema, "Basi tuitoe feni tuitazame." Kusema kweli hakuwa mtu mbaya; amezoea wateja wanaotaka gari litoke upesi kwa pesa kidogo. Akatoa waya wa betri kwanza, akaifungua feni. Lahaula! Ilikuwa imejaa majani makavu ya mwarobaini. Nyumbani ami huegesha gari chini ya mti huo apate kivuli, na majani huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Feni ilikuwa ikizunguka kwa taabu, inakula umeme mwingi, na upepo wa kuipoza rezista ni haba. Hata tungalitia rezista mpya siku ile, ingaliungua vilevile.

Tukaitoa takataka, tukaisafisha feni hadi ikazunguka kwa kidole. Tukakagua plagi ya waya pia, maana ikilegea nayo huungua. Kisha mimi na ami tukavuka feri kwenda kisiwani kutafuta rezista ya gari la aina ile ile. Tulipata iliyotumika, tukaipima kwa mita kabla ya kulipa. Ilitugharimu zaidi ya ile mia mbili, na jioni ile nyumbani tulikula ugali kwa mchicha. Hakuna aliyenung'unika. Namba zote nne zikafanya kazi, na ami siku hizi huyaokota majani kila asubuhi kabla ya kutoka.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kabla ya kuuziba, uliza umetoka wapi. Kitu kikikatika ili kukulinda, usikimbilie kukiunga. Na nyinyi wasichana mnaosema fizikia ni ya wavulana, gari haliulizi aliyeshika bisibisi ni nani.